Mheshimiwa Mstaafu wa Katy

Leonce Mutembei alikuwa mbunge kwa miaka kumi, na katika miaka hiyo jambo alilolifanya kwa ufasaha kuliko yote ni kushukuru. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa jimbo lake. Nilizaliwa Rwabigana, nikasoma huko mpaka kidato cha nne, na hata baada ya kuhamia Texas niliendelea kufuatilia Bunge kwenye simu kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Kila msimu wa bajeti nilimsubiri asimame. Akisimama, alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumjalia uzima. Alimshukuru Spika kwa kumpa nafasi. Alikishukuru chama chake, mkoa, wilaya mpaka kata, akamshukuru mke wake mpendwa Prudensia kwa uvumilivu, akawashukuru wananchi wa Rwabigana kwa imani yao kubwa, kisha akampongeza Waziri na Naibu wake kwa hotuba iliyosheheni. Hapo kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia. Alipokuwa anakunjua karatasi aingie kwenye mambo ya jimbo, kengele ya pili ililia, naye akamalizia mbiombio: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja mia kwa mia." Akaketi. Wenzake wakagonga meza.

Aliupata ubunge kwa bahati ya wengine kugombana. Kabla ya hapo alikuwa afisa elimu, mtu mpole, mwenye suti moja nzuri na mwandiko mzuri. Wafanyabiashara wawili wakubwa wa jimboni walikuwa wanalitaka jimbo, na wakachafuana vibaya mno hadi chama kikaona heri kimpitishe mtu ambaye hajawahi kumuudhi yeyote. Wakamtazama Leonce. Kwa kweli hakuwa amemuudhi yeyote, maana hakuwa amefanya lolote.

Jimbo la Rwabigana limekatwa vipande viwili na mto Karwenda. Upande mmoja kuna soko, sekondari na kituo cha afya. Upande wa pili kuna watu. Kuvuka, tulikuwa na magogo yaliyofungwa kwa waya, na kila mvua za masika zilipokuja magogo yale yaliondoka, yakatafutwa mengine. Kila mgombea aliahidi daraja. Leonce aliahidi vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa na sauti nzito inayofanya hata neno "zege" lisikike kama ahadi ya ndoa. Aliposhinda aliuliza swali bungeni, akajibiwa kwamba daraja litajengwa fedha zitakapopatikana, akarudi jimboni akatuambia, "Nimeibana Serikali." Tulimshangilia. Mwaka uliofuata akauliza tena, akajibiwa vilevile, akarudi na maneno yaleyale. Jiwe la msingi likawekwa, na kwa kuwa la kwanza lilizolewa na maji, likawekwa jingine juu kidogo, mahali mto usipofika. Hilo lipo hadi leo na limepakwa chokaa.

Katika muhula wake wa pili, dada wa Abigail alifia ukingoni mwa mto ule. Abigail ni mtu wa kwetu ambaye sasa ni muuguzi Fort Worth, hukuhuku Texas. Wakati huo alikuwa bado chuoni. Dada yake alishikwa na uchungu wa kujifungua usiku wa mvua, wakambeba kwa machela mpaka mtoni, wakakuta magogo hayapo. Ng'ambo waliziona taa za kituo cha afya. Walisubiri maji yapungue, na maji hayakupungua upesi. Mheshimiwa alikuja kwenye mazishi akiwa na gari mbili na viroba vya sukari, akapewa nafasi ya kutoa salamu, na katika salamu zile alieleza kwa kirefu hatua alizokwisha kuzifikia katika kulipigania daraja. Alipomaliza, wengine waliokuwa pale msibani walipiga makofi kwa mazoea, kisha wakakumbuka wako wapi wakaacha.

Uchaguzi uliofuata alianguka kwenye kura za maoni. Hakuanguka kidogo. Wiki haikuisha, akahamia upinzani, akasimama jukwaani na wale aliokuwa akiwaita wahuni kwa miaka kumi, akasema macho yake yamefunguka. Huko nako akashindwa. Baada ya muda akarudishwa chamani kwa sherehe, akainua kadi juu, akasema macho yamefunguka tena. Alifikiri angeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya. Kwa karibu miaka miwili alitembea na simu mkononi, hata maliwatoni, asije akaikosa hiyo simu. Haikupigwa.

Ndipo binti yake, Clara, akamchukua. Clara ni mfamasia, raia wa Marekani, anaishi Katy, magharibi ya Houston, katika zile nyumba mpya za matofali mekundu zinazofanana mpaka mgeni hupotea mtaani kwake. Alishughulikia makaratasi ya wazazi wake wote wawili. Mheshimiwa aliaga kijijini akisema anakwenda kupumzika kidogo na kujionea demokrasia ya wenzetu.

Mimi naishi mitaa miwili kutoka kwa Clara, na mke wangu na Clara ni marafiki. Hivyo ndivyo mbunge wangu alivyonirudia mikononi, safari hii bila kupigiwa kura.

Alikuwa hajui kuendesha gari. Zamani alijua, lakini miaka kumi ya dereva ilimsahaulisha, na Katy bila gari wewe ni mtoto mdogo. Unasubiri mtu mzima akupeleke. Yeye hakuliona hivyo. Kila aliyempa lifti alimgeuza dereva wake. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Kule kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo bosi akikaa nyuma kushoto anaonekana vizuri. Huku usukani uko kushoto. Akawa anakaa mgongoni mwangu kabisa na kuzungumza na kisogo changu.

"Karibu mbele, Mheshimiwa," nilimwambia siku ya kwanza.

"Hapa panatosha, Rogers. Nina mambo ya kupitia."

Mambo ya kupitia yalikuwa gazeti la matangazo ya bure alilolichukua mlangoni mwa duka la vyakula.

Prudensia alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, mwembamba, mkimya, na wote tulimjua kwa lile jina lililotajwa kila bajeti kati ya chama na wananchi. Alipofika Katy alikaa ndani kwa muda, akauangalia mtaa kupitia dirishani, kisha akamwambia Clara, "Nifundishe hiyo gari." Alijifunza. Alifeli mtihani, akarudia, akapita. Akatafuta kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kimarekani asiyejiweza, akipokezana zamu na mama wa Kikongo aitwaye Généreuse, aliyekuwa anakaa kwenye fleti za upande wa kusini-magharibi ya Houston na mumewe Vital na watoto. Mheshimiwa hakupenda. Watu wakimuuliza mama yuko wapi, alijibu, "Anajitolea. Unajua hawa wenzetu wana utamaduni wa kujitolea." Prudensia alisikia jibu hilo mara nyingi na hakulisahihisha. Aliendelea kuamka alfajiri na kuondoka na gari.

Sasa, Watanzania wa Texas tuna umoja wetu. Si kitu kikubwa: tunazikana, tunaozana, tunachoma nyama siku ya Uhuru. Mwenyekiti aliyekuwepo alihamia Ohio, ukaitishwa uchaguzi, na mkutano ukapangwa kwenye ukumbi wa kukodi huko Carrollton, kaskazini ya Dallas, ili watu wa Dallas na Fort Worth nao waridhike, maana siku zote walilalamika kwamba Houston inajipendelea. Mheshimiwa akatangaza nia. Alitumia neno hilo hilo, "natangaza nia", sebuleni kwa Clara, mbele yangu, Clara na wajukuu wawili waliokuwa wanacheza mchezo kwenye televisheni.

"Okay, Babu," alisema mjukuu mkubwa bila kugeuka.

Nilimpeleka mimi. Kutoka Katy mpaka Carrollton ni mwendo wa kuchosha, barabara moja iliyonyooka na malori. Mbele ya Huntsville alikuwa amelala mdomo wazi. Karibu na Dallas akaamka, akajifuta, akaniuliza kuna watu wangapi wa mkoa wetu katika jiji hili. Nikamwambia sijui. Akasema mtu asiyejua mtaji wake hawezi kufanya siasa. Nikaendelea kuendesha.

Mpinzani wake alikuwa Twalibu, mhandisi wa mabomba kutoka Tanga, mtu wa maneno machache. Twalibu alisimama, akasema akichaguliwa mikutano itaanza kwa wakati na kutakuwa na namba moja ya simu ya kupiga mtu akipata shida, na mtu atakayeipokea. Akaketi. Watu walitazamana, kana kwamba wanasubiri hotuba ianze.

Ndipo akasimama Mheshimiwa, akafunga kifungo cha koti.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, ingawa hapakuwa na mgeni yeyote wa itifaki, labda yule mlinzi Mmeksiko wa ukumbi. Kisha akashukuru. Alimshukuru Mungu, akawashukuru waandaaji, akawashukuru akina mama wa jikoni, akaishukuru Dallas, akaishukuru Fort Worth, akaishukuru Houston. Sauti ile nzito ikaujaza ukumbi. Niliwatazama watu wazima, wenye digrii zao na mikopo yao ya nyumba, wakilainika kwenye viti. Wengi hawajasikia mtu akiongea nao hivyo kwa miaka. Kazini wanaongeleshwa na mashine na mabosi wa miaka ishirini na tano. Mheshimiwa aliwaita "ndugu wananchi", na walitamani sana kuwa wananchi wa mtu. Alisema anauona umoja wenye ofisi yake, bendera yake, basi lake. Wakapiga makofi.

Msimamizi akauliza kama kuna maswali. Abigail akainua mkono. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, na nguo za hospitali bado mwilini, koti juu.

"Mheshimiwa, mimi natoka Rwabigana. Naomba kujua daraja la Karwenda limefikia wapi."

Mheshimiwa alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Nikushukuru sana dada yangu kwa swali zuri. Daraja la Karwenda lilikuwa kipaumbele changu namba moja. Upembuzi yakinifu ulikamilika. Usanifu wa kina ulikamilika. Mpaka naondoka madarakani, kilichokuwa kimebaki ni ujenzi tu."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na sidhani kama wote walijua wanachekea nini. Abigail hakucheka.

"Dada yangu alifia hapo mtoni akisubiri kuvuka," alisema. "Ulikuja kwenye mazishi. Ulisema maneno haya haya."

Nikafikiri, sasa. Sasa mtu huyu atakosa la kusema, angalau mara moja katika maisha yake. Nilimtazama usoni, nikaona kitu kikipita pale, haraka sana, na siwezi kuapa kwamba kilikuwa aibu. Kisha akainamisha kichwa.

"Naukumbuka msiba ule," alisema kwa sauti ya chini. "Uliniumiza sana. Ndugu wananchi, naomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka dada yetu."

Wakasimama. Ukumbi mzima, viti vikiguna sakafuni, watu wasiomjua marehemu hata jina wakasimama na kuinamisha vichwa kwa amri ya mtu yule. Abigail peke yake alibaki amekaa, mikono mapajani, akiwatazama migongo. Dakika ilipokwisha Mheshimiwa akasema, "Asanteni. Tukae." Swali likawa limezikwa kwa heshima zote. Abigail akachukua mkoba wake na kutoka. Nilimfuata mpaka maegesho, nikamwambia pole. Akasema, "Hata jina lake hakuuliza," akawasha gari, akarudi Fort Worth.

Mheshimiwa alishinda, na kwa kishindo. Twalibu alimpa mkono na kusaidia kukunja viti.

Uongozi wake ulikuwa kama ubunge wake, ila mdogo zaidi. Aliunda kamati, na kila kamati ikapewa kamati ndogo. Alichapisha kadi zilizoandikwa jina lake, na chini yake "Mbunge Mstaafu, Mwenyekiti wa Texas", kana kwamba gavana alikuwa amejiuzulu. Kwenye sherehe ya Uhuru alitaka meza kuu yenye kitambaa na maua, na nyama ikapoa wakati anashukuru. Mtoto akizaliwa alituma salamu za pongezi, mtu akifiwa alituma salamu za rambirambi, na zote zilikuwa na urefu uleule. Namba ya simu ya dharura ilipendekezwa tena na Twalibu, ikapelekwa kwenye kamati.

Halafu ikaja ile wiki ya barafu, Februari. Aliyekuwa Texas hahitaji kusimuliwa. Theluji ilianguka mpaka ufukweni, umeme ukakatika jimbo zima, mabomba yakapasuka ndani ya kuta. Sisi tuliotoka nchi za joto tulikuwa tumezoea kuhofia vimbunga. Baridi hatukuwa tumeijengea hata mashaka. Kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe ulimiminika. Huyu mtoto wake ana pumu na mashine haina umeme. Yule yuko fleti ya ghorofa ya tatu, maji yanashuka kwenye dari. Mwingine yuko Fort Worth anauliza kama kuna mtu karibu mwenye moto.

Mwenyekiti akatoa tamko. Nalikumbuka kwa sababu nililisoma nikiwa nimevaa soksi mikononi. Lilisema uongozi umepokea kwa masikitiko taarifa za hali ya hewa, unafuatilia kwa karibu, na unawasihi wanachama wawe watulivu. Chini yake mtu akauliza, "Kwa hiyo mwenye pumu aende wapi?" Mwenyekiti akajibu kwamba suala hilo limefikishwa kwenye kamati husika.

Nyumba ya Clara haikuwa na umeme, lakini ilikuwa na gesi: jiko la gesi, na meko ya gesi sebuleni. Yaani wakati anaandika tamko lile, Mheshimiwa alikuwa ameketi mbele ya moto. Prudensia alisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwenye simu yake, akasimama, akavaa makoti mawili. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimewaleta wanangu waote moto.

"Unakwenda wapi, Mama Clara?" Mheshimiwa aliuliza.

"Kuwachukua wenye watoto."

"Subiri kwanza. Jambo kama hili lazima lipite kwenye kamati tendaji. Tukiwachukua hawa, wale watasema tumebagua."

Prudensia alikuwa anatafuta funguo. Alipozipata, alisimama mbele yake kidogo.

"Baba Clara," alisema, "wewe baki na kamati."

Alitoka. Nikatoka naye na gari langu, na barabara zilikuwa kioo kitupu. Tuliendesha polepole kama watu wanaobeba mayai. Twalibu naye alishatoka, tukagundua baadaye, na kwa upande wa Fort Worth Abigail alikuwa amefungua nyumba yake. Hakuna kikao kilichokuwa kimemtuma yeyote. Prudensia aliendesha mpaka zile fleti za kusini-magharibi, akapanda ngazi, akawakuta Vital na Généreuse wamewavalisha watoto nguo zote walizonazo, kitoto kichanga kimefungwa katikati yao kitandani. Hawakuwa wanachama wa umoja wetu. Hawakuwa hata Watanzania. Prudensia hakuuliza kadi ya mtu.

Mpaka jioni sebule ya Clara ilikuwa imejaa. Watu wamekaa sakafuni, blanketi, sufuria la uji jikoni, watoto wanaolia kwa lugha tatu. Na Mheshimiwa, alipoona umati umekaa mbele yake, hakuweza kujizuia. Alisimama karibu na meko, akafunga kifungo cha sweta.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa niaba ya uongozi..."

Généreuse alikuwa mbele yake, ana kichanga mkono mmoja na mkono wa pili anamvua nguo mbichi yule mwingine. Alikuwa hajui yule mzee ni nani. Aliona mtu mzima amesimama bila kazi.

"Papa, nikamatie mutoto kidogo," alisema, akamwekea kichanga mikononi.

Hotuba ikakatika. Mheshimiwa alimshika mtoto yule mbali na kifua, kama mtu aliyeshikishwa bakuli la mchuzi wa moto. Mtoto akamtazama. Nakiri kwamba kwa muda, labda wa uji kuchemka, mtu yule alipendeza kuliko nilivyowahi kumwona. Polepole mikono ikajikunja, akamsogeza mtoto karibu, akaanza kuyumba kidogo, kulia na kushoto, bila kujua kwamba anayumba. Kama ningekuwa mtu wa kusamehe ningemsamehe pale pale.

Lakini mjukuu wake alimpiga picha, na umeme uliporudi, picha ile ikatokea kwenye kundi letu. Mheshimiwa na mtoto, nyuma yake watu na mablanketi, na maandishi chini: "Mwenyekiti akiwakagua na kuwafariji waathirika wa baridi katika kituo cha muda alichokifungua Katy."

Wakaanza kumpongeza. Hongera Mwenyekiti. Huu ndio uongozi. Mungu akubariki Mheshimiwa. Hata wengine waliolala sakafuni mle na kunywa uji wa Prudensia waliandika hongera. Nilikuwa naandika jibu kali, nalifuta, naliandika tena, ndipo likatokea jina ambalo halijawahi kuandika chochote kwenye kundi lile tangu lianzishwe.

"Huyo mtoto alipewa amshike," aliandika Prudensia, "kwa sababu yeye peke yake hakuwa na kazi."

Kisha kikaja kicheko kimoja kutoka Dallas, kingine kutoka Houston, kikasambaa Texas nzima na kuvuka mpaka Ohio kwa mwenyekiti wa zamani. Abigail aliweka alama ya dole gumba tu. Watu ambao walimchagua kwa kishindo sasa walicheka kwa kishindo, na wakajifanya kwamba walikuwa wanamjua siku zote. Sikuwaonea fahari wao pia. Walimpa kiti kwa sababu ya sauti yake, wakamnyang'anya kwa sababu ya kichekesho, na kati ya hapo na hapo hakuna aliyemuuliza kazi aliyofanya.

Aliandika barua ya kujiuzulu kwa maslahi mapana ya umoja. Twalibu akashika nafasi bila sherehe. Namba ya dharura ikatangazwa wiki iyo hiyo.

Nyumbani kwa Clara, anavyosimulia mwenyewe, hapakuwa na ugomvi. Baba yake alinuna, akasubiri aombwe radhi. Mama yake alimwandalia chai kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akaiacha mezani imefunikwa, na kuhusu ujumbe ule hakusema neno. Miaka ikapita hivyo. Mzee alizeeka zaidi kwa kutotajwa kuliko kwa umri. Msimu mmoja wa baridi alipata kikohozi ambacho hakikumtoka, akawa anakohoa hata kanisani, katikati ya sala.

Uchaguzi wa nyumbani ulipokaribia, akafufuka. Alitangaza nia tena, safari hii kwa simu, akikohoa. Alimwambia Prudensia ajiandae waondoke.

"Mimi nina zamu," alisema Prudensia.

"Mke wa mgombea anabakije nyuma?"

"Anabaki akifanya kazi."

Akaenda peke yake. Clara alimpeleka uwanja wa ndege. Huko Rwabigana alichukua fomu, akasindikizwa na pikipiki, na jina lake likakatwa kwenye hatua ya mwanzo kabisa, kabla hata wanachama hawajaulizwa wanamtaka nani. Wengi hawakuwa wanamkumbuka. Vijana waliopiga kura mara ya kwanza walikuwa wachanga wakati anaibana Serikali. Hakurudi Texas. Alisema anabaki kuushauri uongozi mpya, ambao haukuwa umemwomba ushauri.

Siku moja baada ya misa nilikuwa jikoni kwa Clara na mke wangu, Clara akatuwekea simu mezani. Ndugu yao alikuwa amemtumia kipindi cha redio ya mkoani. Mtangazaji alimkaribisha mgeni wake, mchambuzi na mtaalamu wa masuala ya Marekani, Mheshimiwa Leonce Mutembei. Sauti ile nzito ikashukuru. Ilimshukuru Mungu, ikamshukuru mtangazaji, mmiliki wa redio na fundi mitambo. Kisha ikaeleza jinsi alivyowaongoza Watanzania wa Texas katika janga kubwa la theluji, alivyofungua kituo, alivyowabeba watoto kwa mikono yake mwenyewe. Clara aliziba uso kwa kiganja. Mke wangu alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

Prudensia alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka mtangazaji akaingiza tangazo la mbolea.

"Kikohozi kimepona," alisema, akaendelea na mchele.